Swali la Tisa

Nilikuwa na wasichana saba, na niliwafundisha kusoma kabla sijawafundisha kujibu. Hilo ndilo kosa la kwanza nililoshtakiwa mbele ya wazee wa kanisa, na mpaka leo sijakubali kwamba lilikuwa kosa.

Wakristo wa Chake Chake wakati huo tulikuwa wachache sana. Wengi wetu tulikuwa watoto na wajukuu wa watu waliokuwa watumwa katika mashamba ya karafuu, wakaja wakapata pa kujenga kwenye ardhi ya misheni. Majirani zetu walikuwa Waislamu, na tuliishi nao kama majirani wanavyoishi: tuliombana makaa ya moto, tulizikana, na mwezi wa Ramadhani sahani za futari zilivuka ua kuja kwetu kama zilivyokwenda kwa wengine. Padri alikuwa Mzungu, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Kiswahili cha vitabuni alikijua kutushinda sote, lakini mtu akianza kusema Kipemba chake cha uani, padri alipotea pale pale. Alikuwa na wazee wanne wa kumsaidia kuendesha kanisa, wote wanaume, na wote wakimwogopa.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na kitu, sijaolewa. Nilifundishwa kusoma na mabibi wa misheni ambao walikuwa wamesharudi kwao. Darasa la wasichana wanaojitayarisha kwa ubatizo nilipewa kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kupewa. Padri alinikabidhi ufunguo wa chumba, vibao vitano vya kuandikia na Kitabu cha Maswali. Ndani yake kila swali liliandikwa na jibu lake chini. Kazi yangu, alisema, ni kuona kwamba kila msichana anaweza kuyasema yote bila kutazama kitabu.

"Wakishaweza?" nilimuuliza.

"Wakishaweza, wako tayari."

Nilimwitikia. Kisha nikaenda nikafanya nilivyoona mwenyewe.

Kwa miezi minne kitabu kile sikukifungua. Tulianza na herufi, tukaunga silabi, tukafika kwenye Injili. Tukimaliza kisa kimoja nilimtaka kila msichana aniulize jambo asilolijua. Mwanzo walinyamaza. Walikuwa wamelelewa, kama nilivyolelewa mimi, kwamba mtoto wa kike mwenye adabu haulizi. Wiki ya tatu mmoja akauliza kwa nini yule mwanamke aliyekuwa akitokwa na damu aliogopa kujitaja alipopona. Tulizungumza asubuhi nzima, hata mazoezi ya kuandika tukayasahau. Mwingine akauliza kama Yesu aliwahi kuchoshwa na wanafunzi wake. Nikamwambia ndiyo, na nikamwonyesha mahali. Wakacheka sana, na tangu siku ile sikuweza kuwanyamazisha tena.

Aliyeuliza kuliko wote alikuwa mjukuu wa bibi mmoja wa mtaa wa Madungu aliyekuwa akisuka ukili na kushona mikeka. Msichana huyu alikuwa na umri wa kama miaka kumi na mitano. Alikuwa na tabia ya kutazama chini kwanza, halafu akasema neno ambalo utalala nalo na kuamka nalo. Mama yake alikuwa Mkristo, alikufa katika uzazi, na kabla hajafa aliusia mwanawe abatizwe. Bibi mwenyewe alikuwa Mwislamu. Aliletwa kisiwani kutoka bara akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, akakulia katika nyumba ya waliomnunua, na huko ndiko alikojifunza kusali. Wosia wa binti yake aliushika bila kulalamika. Kila Jumapili alimfikisha mjukuu wake mpaka langoni mwa kanisa, akamtengeneza kanga mabegani, akarudi zake kwenye mikeka.

Karibu na Pasaka padri alikuja na wale wazee wanne kuwapima wasichana wangu. Wiki tatu za mwisho nilikuwa nimewapa yale maswali, maana nilijua bila hayo hawatapita. Waliyashika upesi, mtu anayejua kusoma hahitaji kuimbishwa. Walisimama mstari mmoja ukutani, wamevaa nguo zao nyeupe, na padri akaanza kwa upole, kwa sababu hakuwa mtu mkali. Wanne wa mwanzo walijibu yote. Wa tano alikuwa mjukuu wa bibi wa Madungu. Alikwenda vizuri mpaka swali la tisa.

"Kabla Injili haijaletwa kwenu," padri alisoma, "wazee wenu walikuwa katika hali gani?"

Msichana alitazama chini.

"Hilo silijibu, Padri."

"Umelisahau?"

"Sikulisahau. Jibu lake ni, walikuwa gizani, hawakumjua Mungu. Lakini bibi yangu anamjua Mungu. Huamka alfajiri kila siku kumwomba, na katika maombi yake mie nimo. Nikisema hamjui nitakuwa nimesema uongo. Nataka kubatizwa. Nitaanzaje na uongo?"

Mzee mmoja wa kanisa aliinuka kitini. "We mtoto! Jibu ulivyofundishwa!"

"Mwalimu hakunifundisha kusema uongo," akasema.

Macho yote yakanigeukia. Padri akafunga kitabu taratibu na kuwaambia wasichana waende nyumbani, wote saba. Pasaka ile hakubatizwa hata mmoja. Mimi alinibakisha, akaniambia nina wiki moja ya kumfanya yule binti ajibu kama wenzake. La sivyo darasa zima litangoja.

Ningependa kuandika kwamba nilisimama naye papo hapo. Sikusimama naye. Nilikuwa na hasira naye, na hofu juu ya hasira. Wale wengine sita walikuwa wamengoja miezi mingi, mama zao wameshashona nguo, na darasa lilikuwa kitu pekee duniani nilichoweza kukiita changu. Nilikwenda Madungu siku ya pili yake kumshurutisha.

Nilimkuta bibi barazani, ukili mapajani, vidole vinakwenda bila yeye kuvitazama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Umekuja kwa ajili ya huyu." Alinyoosha kidevu upande wa mlango, ambako mjukuu wake alikuwa akipepeta mchele. "Nimeshamwambia aseme. Mie nimeitwa majina mengi, mwanangu. Nimeitwa mali ya watu, tena mbele ya uso wangu. Neno la padri wenu litanifanyani? Aseme, abatizwe, mama yake apumzike."

"Umesikia?" nilimwambia msichana. "Bibi yako mwenyewe amekupa ruhusa."

Ungo ukasimama.

"Weye umewasamehe, bibi," alisema. "Mie bado."

Bibi akarudi kwenye ukili wake, na nikaona midomo yake inatetemeka kidogo. Sikujua kama ni kilio au kicheko. Nilikuwa nimekuja na hotuba nzima kichwani. Niliaga, nikaondoka bila kuitoa.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikimwona bibi yangu mimi, mama yake baba. Naye aliletwa kutoka bara. Hakuwa Mwislamu wala Mkristo. Alikuwa na jina la Mungu katika lugha ya kwao, akilitaja kila alipopiga chafya, na kila mtoto alipozaliwa. Siku niliyopimwa mimi, nikiwa na miaka kumi na minne, alijitanda kanga yake safi, akaja akakaa kwenye benchi la nyuma asikie mjukuu wake anavyojua kusema mbele ya Wazungu. Nilipoulizwa swali la tisa nilijibu kwa sauti kubwa ya kujivuna: walikuwa gizani, hawakumjua Mungu. Nilisifiwa. Tulipokuwa tukirudi nyumbani alitangulia mbele, peke yake, na siku ile hakula pamoja nasi. Hakunigombeza. Aliishi miaka miwili baada ya hapo, na kila siku ya miaka ile miwili niliweza kumwomba radhi, nisimwombe. Sikujua hata kwamba kuna la kuombea radhi.

Kesho yake nilikwenda kwa padri.

"Sitamfundisha lile jibu," nilimwambia. "Yeye, wala msichana mwingine yeyote."

"Huwezi, au hutaki?"

"Sitaki."

Aliketi, akaniambia niketi, nikabaki nimesimama. Alinieleza kwa utulivu kwamba kitabu ni cha kanisa lote, yeye hakukiandika.

"Wala mimi sikukiandika," nilisema. "Basi hakuna kati yetu atakayeumia tukiliacha swali moja."

"Unamwamini Kristo, Mwalimu?"

"Namwamini. Ndiyo sababu siwezi kumletea mtoto ambaye nimemfundisha kwanza kumtukana bibi yake."

Aliona haya, uso wake uliiva. Lakini alikuwa amekwisha kulisema la kulisema mbele ya wazee wake, na hakujua njia ya kurudi nyuma. Alinitaka ufunguo wa darasa. Akaniambia pia kwamba nisiende kwenye Meza ya Bwana mpaka nitakapoandika barua ya kutubu. Niliuweka ufunguo mezani. Nilitoka nikitembea wima.

Nilikuwa nikiishi kwa kaka yangu, katika chumba ambacho kitanda na mtungi vilikijaza. Pa kuwakalisha wasichana sikuwa napo. Aliyenipa mahali hakuwa Mkristo. Alikuwa jirani yetu, mjane wa Kipemba mwenye shamba la mihogo na ua mpana, aliyelea mabinti watatu peke yake. Aliniita niliporudi kisimani.

"Nasikia umefungiwa chuo chako."

"Nimefungiwa, dada."

"Kwa nini?"

Nilimweleza. Alisikiliza huku akiwafukuza kuku.

"Kwa hivyo umefukuzwa kwa kumtetea bibi wa Kiislamu anayesali sala zake tano," alisema, "kisha leo uhangaike huna pa kufundishia, na ua wangu uko mtupu? Walete watoto. Wangu wanasomea Kurani baraza ile, wako watakaa huku. Sala ikiingia mnyamaze, na kuimba muimbe kwa kiasi."

"Watu hawatakusema?"

"Wataanza lini?" aliniuliza. "Ua ni wangu."

Walimsema kweli. Bibi mmoja wa nyumba kubwa, wa ukoo uliokuwa na mashamba mengi zamani, alimtumia salamu kumuuliza tangu lini amekuwa kanisa. Jirani yangu alijibu kwamba tangu lini hakumbuki, lakini chai ipo, Bi aje anywe ajionee. Yule Bi hakuja. Baada ya siku chache alituletea mkeka mzima, bila neno, watoto wasikalie mchanga.

Wiki ya kwanza walikuja wasichana watatu. Ilipofika mwezi walikuwa sita. Wa saba baba yake alimkataza, na hakurudi kamwe. Nilipokutana naye njiani aligeuza uso. Huyo nilimpoteza. Simhesabu upande wa ushindi wangu, na sitaki mtu mwingine amhesabu.

Msimu wa karafuu ulipofika wasichana walitakiwa kazini, basi darasa likawafuata huko. Tulikaa tumezunguka lundo, tukichambua karafuu kutoka kwenye makonyo yake, vidole vyeusi vinanata, kichwa kizito kwa harufu. Vitabu havikuweza kushikwa kwa mikono ile. Mmoja alisimulia kisa cha Injili kama anavyokikumbuka, wengine wakamsahihisha, halafu wakaanza kuuliza. Wachambuaji wengine, ambao hawakuwa wa dini yetu, walisikiliza na wakati mwingine wakatia neno. Mwanamke mmoja aliposikia habari za baba aliyempokea mwanawe mpotevu aliuliza, "Na mama yake yuko wapi? Mbona hakutajwa?" Sikuwa na jibu, na nikasema kwamba sina. Niliona mjukuu wa bibi wa Madungu ananitazama kwa makini niliposema hivyo. Nadhani siku ile alijifunza kitu kuliko siku zote nilizokuwa na majibu.

Jumapili nilikwenda kanisani kama kawaida na kukaa benchi la mbele. Watu walipoinuka kwenda kwenye Meza ya Bwana, mimi nilibaki nimekaa peke yangu, mgongo wima, kila mtu akinipita. Mzee mmoja alinifuata nje na kuniambia kwa wema kwamba ingefaa nikae nyuma, kupunguza aibu.

"Aibu ya nani?" nilimuuliza.

Jumapili iliyofuata nilikaa pale pale.

Barua ya kutubu sikuiandika. Mwaka ulipozunguka niliandika nyingine, fupi: kuna wasichana sita walio tayari kupimwa, naomba waje wapimwe. Padri alijibu kwamba hana darasa la namna hiyo. Lakini mmoja wa wale sita alikuwa binti wa mzee wa kanisa, yule aliyewazidi umri wazee wenzake watatu, na mzee yule alikuwa akimsikia mwanawe kila siku akiwasomea wadogo zake Injili kwa sauti. Akamwendea padri mwenyewe. Alimwambia nini sijui. Siku ya kupimwa ilipangwa.

Safari hii sikuingia; nilisimama dirishani, nje, na hakuna aliyeniondoa. Msichana wa kwanza alijibu maswali manane. Kwenye la tisa alisema, "Hilo silijibu, Padri." Padri akaenda kwa wa pili. Wa pili akasema vivyo hivyo. Sikuwaagiza, naapa sikuwaagiza. Walikuwa wamepanga wenyewe kwenye lundo la karafuu, na mimi walinificha. Wa tatu. Wa nne. Mjukuu wa bibi wa Madungu alikuwa wa tano tena, na hata hakutazama chini. Wa sita alikuwa binti wa yule mzee, na sauti yake ilikuwa ikitetemeka kwa sababu baba yake alikuwa mbele yake.

Mzee yule aliinuka.

"Padri," alisema, "mama yangu naye alikuwa akimwita Mungu. Alimwita njiani akiwa amefungwa kamba, na alimwita hapa. Swali hili nililijibu ujanani, na nimewafundisha watu kulijibu, na kila mara lilinikwama hapa." Alijishika kooni. "Liruke."

Hakuna mzee wa kanisa aliyewahi kumwambia padri afanye jambo. Padri alitazama ukurasa, kichwa hakuinua.

"Swali la kumi," alisema.

Walibatizwa wote sita. Bibi wa Madungu siku ile hakuishia langoni. Alivua viatu, akaja akaketi kwenye kizingiti cha mlango wa kanisa, nusu ndani nusu nje, buibui lake limekusanywa magotini. Maji yalipomwagwa kichwani kwa mjukuu wake alisema kwa sauti, "Mwenyezi Mungu amjaalie," na kanisa zima likaitika amina kabla padri hajawahi kuitika.

Kuhusu Meza ya Bwana, sikutubu na sikuombwa tena kutubu. Jumapili moja, mwezi mmoja baada ya ubatizo, watu walipokwisha kurudi kwenye viti vyao, padri alishuka na mkate mpaka kwenye benchi langu. Alisimama mbele yangu. Nilinyoosha mikono.

Hatukuwahi kulizungumza. Siku moja nilikuta mlango wa darasa uko wazi, na ufunguo juu ya meza. Swali la tisa lilibaki kitabuni, likirukwa kila mwaka kama shimo la njiani, na hilo halikuniridhisha. Nilitaka lifutwe. Nilimwambia padri hivyo mara tatu, na mara zote tatu alisema kitabu si chake peke yake. Basi kila nakala iliyopita mikononi mwangu niliipitishia kalamu ya wino pale, mstari mmoja mzito, kabla sijamkabidhi msichana. Padri aliziona zile nakala. Hakuniuliza.

Miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, nguo zilipokuwa adimu na mchele ukaja kwa shida, padri alihamishwa kwenda Unguja na hakuletwa mwingine kwa muda. Kanisa liliendeshwa na wazee, na darasa niliamua kumwachia yule mjukuu wa bibi wa Madungu, ambaye sasa alikuwa mama wa mtoto mmoja. Wazee walisema ni mapema mno. Nikawaambia kama ni mapema wanifukuze tena, nimeshazoea. Wakacheka, wakakubali.

Hakufundisha kama mimi. Aliwaacha wasichana wabishane mpaka wakapandishiana sauti. Aliwatuma kwa bibi zao kuwauliza walikotoka, njia waliyopitishwa, na jina la Mungu waliloanza kulijua, kisha waje walisimulie darasani kabla ya kufungua Injili. Wengine walirudi wakilia. Mimi niliona ni mzigo mkubwa kwa watoto. Nilikuwa nikienda kila Jumanne kukaa kiti cha nyuma, na jambo lisiponipendeza nilitia neno.

Jumanne moja alinisindikiza mpaka mlangoni.

"Mwalimu, nikuombe jambo?"

"Niombe."

"Usije tena Jumanne."

Nilidhani sikusikia sawasawa.

"Wakiulizwa, wanakutazama weye kwanza," alisema. "Wanataka kujua utakunja uso au utatabasamu, ndipo waseme. Hawatajifunza hivyo. Na mie pia nakutazama."

Nilimwambia kwamba nilikuwa nikifundisha darasa lile yeye akiwa hajui kushika kalamu. Nilimwambia mengine ambayo sitayaandika. Alisikiliza yote, amesimama mlangoni, hakusogea. Nilikwenda nyumbani nikiwa nimeumia kuliko siku niliyonyang'anywa ufunguo, maana padri nilikuwa na la kumjibu.

Jumanne iliyofuata nilivaa, nikakaa kitandani, nikavua. Ya pili nilikwenda kumsaidia jirani yangu kupalilia mihogo, na kule shambani sauti za wasichana zilinifikia kutoka darasani, wakibishana kwa ukali juu ya jambo nisilolijua. Nilitamani kujua ni lipi. Nilishika jembe, nikaendelea na mstari wangu.